Fundi wa lifti anayeogopa kusema "ni salama"

Asubuhi imeshapamba moto, na lifti pekee ya jengo hili la ghorofa tisa haijabeba mtu tangu jana jioni. Ukumbini wapangaji wamejaa. Wapo wanaotaka kupanda na mizigo yao, wapo walioshuka kwa ngazi na wamebaki ili walalamike vizuri. Juu yao, ndani ya shimo la lifti, mwanamke mwenye tochi kichwani ameketi juu ya paa la chumba cha lifti. Amefumba macho, anasikiliza.

"Fundi, bado?" mtunza jengo anapaza sauti kwenye ufa wa mlango.

"Bado."

"Bado nini sasa? Umeona nini?"

"Sijaona kitu. Hiyo ndiyo inayoniogopesha."

Watu wanaangua kicheko, kisha kinakatika ghafla. Hakuna anayependa kusikia fundi akiogopa.

Mafundi wenzake wanamwita Bi Shaka. Ana miaka arobaini na moja, mume mpishi wa shule, na binti wa kidato cha pili mwenye ulimi mkali. Lifti amezitengeneza kwa miaka kumi na saba. Kwa miaka mitatu sasa, jioni, amekuwa akisomea falsafa chuoni, na wiki ijayo ana mtihani wa nadharia ya maarifa, tawi linalouliza tunajuaje tunachosema tunakijua.

"Hilo ndilo tawi lililoniharibia usingizi," anasema. "Mantiki niliipenda, ilikuwa kama kufuata nyaya. Lakini hili la kujua! Zamani nilikuwa nafunga mlango, nabandika kadi ya 'salama', naenda zangu. Sasa mkono unakataa."

Hakwenda chuo kwa kutafuta cheo. Siku moja aliitwa kuwaokoa wahadhiri waliokwama kwenye lifti baada ya kuijaza kupita uzito wake. Alipofika aliwakuta wanabishana humo ndani nani mwenye kosa: yule aliyeingia mwisho, au wote, maana bila wale wa kwanza, huyo wa mwisho asingezidisha kitu. Aliwashusha taratibu kuliko ilivyohitajika ili asikie mwisho wa ubishi. Mwisho haukupatikana. Akauliza somo hilo linaitwaje, akaambiwa ni maadili, na muhula uliofuata alikuwa darasani na viatu vya kazini.

Nyumbani falsafa imepokewa kwa mchanganyiko. "Nikimwambia chumvi imeisha, ananiuliza nimehakikishaje," anasema mumewe, na anacheka kabla ya uso wake kubadilika. "Ila naogopa. Mkubwa wake ameshamchoka. Kazi ya saa mbili anaifanya siku nzima. Mimi peke yangu siwezi kubeba nyumba."

Hofu hiyo ina msingi. Simu ya msimamizi imeshapigwa asubuhi hii, na kwa sauti aliyoitumia, hata wapangaji wameisikia: "Adhuhuri ikifika lifti haijatembea, kesho njoo na zana zote za kampuni, uzikabidhi."

Shida yenyewe ni mlio. Mpangaji mmoja, kinyozi anayeishi ghorofa ya sita, aliripoti kwamba lifti ililia kama inayokwaruzwa karibu na mlango wake. Bi Shaka ameipandisha na kuishusha mara nyingi asizoweza kuhesabu. Ameshika kamba za chuma moja baada ya nyingine. Amejaribu breki. Amekagua makufuli ya milango yote. Kila kitu kiko sawa, na mlio hausikiki.

Fundi mwingine angeshaondoka. Yeye mwenyewe angeshaondoka, miaka minne iliyopita.

Kisha mwanamke mmoja anashuka ngazi akihema. Mama yake mzee yuko ghorofa ya nane, figo zake hazifanyi kazi, na saa saba mchana anasubiriwa hospitali kusafishwa damu. Kikao cha juzi alikikosa kwa sababu ya homa.

"Asipofika leo, maji yatamjaa mpaka kifuani," anasema. "Fundi, niambie ukweli. Kama haiwezekani, vijana wambebe kwa ngazi."

Bi Shaka anashtuka waziwazi. "Dada, nakuomba, msimbebe. Nipe muda kidogo."

Anayo sababu. Mwaka jana, kwenye jengo jingine, alifunga lifti siku mbili kwa shaka kama hii. Hakukuwa na kitu. Lakini katika siku hizo mbili mzee mmoja, fundi cherehani mstaafu, alishushwa ngazi na wajukuu zake akiwa amekaa kwenye kiti. Mmoja aliteleza. Mzee akavunjika nyonga.

"Nilikwenda kumwona wodini. Akaniambia, 'Mwanangu, si ungenipa tu hiyo lifti yako mbovu?' Alikuwa ananitania, lakini nilitoka pale nalia. Nilidhani ukiwa na shaka ukafunga, umeepusha mabaya. Kumbe umeyahamishia kwenye ngazi."

Alimpelekea mhadhiri wake kisa hicho, akitaka kuacha masomo. Mhadhiri, mama mnene mwenye sauti ya kukwaruza, hakumbembeleza. Alimwambia shaka isiyojua inahusu nini ni woga tu, na woga haujawahi kukagua lifti. Amwulize shaka yake swali: unaogopa nini hasa, na nani alikiona?

Anakumbuka swali hilo sasa, ndipo anapofanya jambo ambalo wapangaji wanaliona kama kituko. Anatoka shimoni, anaacha zana, anapanda ngazi mpaka ghorofa ya sita na kugonga mlango wa kinyozi.

"Mlio uliusikia ikipanda au ikishuka?"

"Ikipanda."

"Ulikuwa peke yako?"

"Peke yangu wapi, dada! Tulibanana saba humo, na kochi la jirani limesimamishwa katikati yetu."

Bi Shaka anajishika kichwa. Tangu jana anaijaribu lifti tupu. Mambo yote aliyoyapima alikuwa ameyapima sawasawa, na hakuna hata moja lililokuwa jibu la swali lililoulizwa.

Anashuka mbio. Mtunza jengo ana mifuko ya saruji ya kukarabati paa, na wapangaji walewale waliokuwa wakinung'unika wanapanga mstari kuipakia kwenye lifti, huku mmoja akiuliza kama na saruji imesoma falsafa. Hakuna mtu anayeruhusiwa kuingia ndani. Bi Shaka anarudi juu ya paa, na lifti inapanda polepole.

Karibu na ghorofa ya sita inalia.

Kosa linaonekana sasa. Pembeni mwa chumba cha lifti kuna vipande vinavyoshika reli ili kisiyumbe. Mpira wa kimoja umelika, na chumba kikilemewa kinainama upande huo, chuma kinasugua chuma. Anabadilisha kipande, anapandisha tena mzigo wote, anasikiliza. Kimya. Anarudia. Kimya.

Adhuhuri imeshapita. Mtunza jengo anapakua saruji ya mwisho na kusema, "Haya, sema basi ni salama, watu wapande."

Bi Shaka halitamki neno hilo. Kipande kile kisingeua mtu, anaeleza baadaye; kingekula reli tu. Na kama mlio ulikuwa na chanzo kingine, cha pili, kilichojificha nyuma ya hiki? Anaijua hoja hiyo vizuri. Ameiandikia insha nzima. Haina mwisho, kama ule ubishi wa wahadhiri.

Anaingia ndani, anabonyeza namba nane.

Mlango unapofunguka juu, bibi yuko tayari kwenye kiti cha magurudumu, kitenge magotini, na yule binti yake aliyesharudi juu amesimama nyuma.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ni salama?"

Fundi anapiga goti ili watazamane. "Bibi, nimekagua kamba, breki, milango, na kile kilichokuwa kinalia nimekibadilisha. Nimeipandisha na mzigo mzito kuliko sisi watatu. Zaidi ya hapo sijui. Ila nakwenda nawe."

"Hospitali nao huwa wananijibu hivyohivyo," bibi anasema. "Twende."

Wanashuka bila mlio.

Kadi aliyoibandika baadaye haikuwa na neno "salama". Aliandika kwa mkono vitu alivyovikagua, tarehe, na kazi aliyoifanya. Msimamizi alipoelezwa hayo kwenye simu alisema amri yake haijabadilika: kesho, na zana zote.

"Nitakwenda," anasema Bi Shaka. "Nitamweleza nilivyokosea kujaribu lifti tupu, na kwa nini sikuondoka. Akinisikiliza, nitamwomba kila fundi aandike kadi hivi. Asiponisikiliza, mtihani nitaufanya vilevile, halafu nitafute kazi. Naogopa, sikufichi. Nina mtoto shuleni."

Jioni kazi imekwisha, ukumbi uko mtupu, naye bado amekaa kwenye ngazi ya kwanza, mkoba wa zana umefungwa. Anasema anapumzika. Bibi anarejeshwa kutoka hospitali, amechoka hata kuzungumza. Anasukumwa ndani ya lifti, milango inajifunga, na Bi Shaka anasimama, sikio ukutani, mpaka milango inapofunguka kule juu na sauti ya binti wa bibi inasikika ikisema wamefika.

Hapo ndipo anapoinua mkoba wake.

"Watu hudhani nimekwenda chuo kujifunza kuuliza," anasema. "Kuuliza nimeshajua. Ninachotaka kuondoka nacho ni kujua pa kuishia, niweze kwenda nyumbani."

Anavuka barabara bila kugeuka.