Bingwa wa Wales Kwenye Kiti cha Mwamuzi

Manyoya ya bata bukini yakipigwa mvuke hutoa harufu ya kuku aliyenyonyolewa jana, harufu nzito kidogo, yenye unyevu wa gundi ndani yake. Ndiyo harufu ya mwaka niliotimiza miaka kumi na moja, kwenye kiwanda cha chai katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ambako baba yetu alikuwa fundi wa boila. Kila Jumamosi asubuhi dada yangu Sekela, aliyenizidi miaka mitatu, alinipa kazi ya kushika vinyoya juu ya kibomba cha mvuke nyuma ya boila, kimoja kimoja, nikihesabu hadi kumi na tano, kisha kuvipanga ndani ya kopo vipoe. Kinyoya kikavu hupasuka baada ya mapigo machache. Kilichoonja mvuke hudumu mchezo mzima. Mpira wa vinyoya, yaani badminton, ulichezwa kwenye ukumbi wa klabu ya wakubwa wa kiwanda, na watoto wa mafundi tuliruhusiwa kuvuka mlango ule kwa sababu ya mtu mmoja tu, Bi Olwen.

Bi Olwen alikuwa mke wa mhandisi wa kiwanda, na kabla ya kuolewa alikuwa bingwa wa Wales mara tatu. Hakuwa na haya ya kutusimulia maisha yake ya mchezo. Tulikaa sakafuni, naye akasimama na raketi mkononi, akitumia Kiswahili chake kilichonyooka kuliko cha mumewe. Alijifunzia kwenye ukumbi wa kanisa katika mji wa wachimba makaa ya mawe, ukumbi wenye dari fupi kiasi kwamba kinyoya kilichopigwa juu kiligonga boriti na pointi ikapotea, kwa hiyo akazoea kucheza chini, karibu na wavu. Alitueleza kila fainali aliyocheza, lakini aliyoirudia zaidi ni ile aliyoshindwa. Kinyoya kilipita kikamgusa ukosi wa shati, hakuna aliyeona, naye akainua mkono akasema kimemgusa. Akakosa taji la nne. Magazeti ya kwao yakamsifu kuliko alivyowahi kusifiwa kwa kushinda. "Mchezaji hujishtaki mwenyewe," alituambia. Tulilisema neno hilo pamoja kila Jumamosi kabla ya kushika raketi, kama watoto wa madrasa au wa komunyo, na aliyelisema kwa sauti ndogo alirudishwa alirudie. Sekela alilisema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mwaka huo mkoa ulitaka msichana mmoja kutoka kiwandani kwa timu ya kwenda Dar es Salaam. Kwa wengine ilikuwa safari. Kwa dada yangu ilikuwa shule, kwa maana alama zake za darasa la saba zilipungua kidogo, na mkuu wa shule moja ya wasichana huko alikuwa akiwachukua wachezaji wa mikoa bila kujali upungufu wa namna hiyo. Bi Olwen mwenyewe ndiye aliyetuletea habari hizo nyumbani, akala ugali wetu, akamwambia mama, "Huyu atakwenda." Mama akaanza kushona sare siku hiyohiyo. Waliobaki kushindania nafasi walikuwa wawili: Sekela, na binti wa meneja mkuu aliyekuwa nyumbani kwa likizo. Mume wa Bi Olwen alifanya kazi chini ya meneja huyo. Nalitaja hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu wakati ule hakuna aliyelitaja.

Bi Olwen alikaa kwenye kiti cha mwamuzi. Mimi nilisimama kwenye ubao wa kubandika namba. Mchezo uliishia kumi na moja, na Sekela alikuwa na kumi kwa tisa pale binti wa meneja alipopiga kinyoya kikatoka nje ya mstari wa nyuma, wazi kabisa. Watoto wa mafundi walikwisha kusimama. Sekela akainua mkono. "Kimenigusa nywele," akasema. Hakuna aliyeona, hata mimi niliyekuwa karibu. Bi Olwen akaitikia kwa kichwa kwa fahari na kumpa mpinzani nafasi ya kuanzisha. Ikawa kumi kwa kumi. Kisha kinyoya kikapanda juu ya wavu, upande wetu, na kabla hakijavuka, binti wa meneja akanyoosha mkono na kukipiga kwetu. Raketi yote ilikuwa upande wetu, na kiganja chake pia. Hilo ni kosa katika kila kitabu cha sheria za mchezo huo, na nimevisoma. Sekela alimtazama Bi Olwen. Binti wa meneja alitazama viatu vyake. Bi Olwen alitazama mlangoni, alikokuwa amesimama meneja na kikombe cha chai, kisha akanitazama mimi. "Kumi na moja," akasema. Mkono wangu mwenyewe ndio uliobandika namba hiyo.

Njiani kurudi nilimuuliza dada kwa nini hakusema. "Niseme kwa nani? Mwamuzi ndiye mwalimu." Baba alituambia mwenye nguvu mpishe. Jirani akaja na yake, yaliyopita si ndwele. Tangu siku hiyo nimezichukia methali zinazopewa aliyedhulumiwa badala ya haki yake. Sijawahi kusikia mtu akimpelekea meneja methali. Bi Olwen hakuja tena kula kwetu. Timu iliondoka baada ya wiki mbili. Sekela akaingia shambani kuchuma chai, akachuma miaka tisa.

Mimi sikufika mbali shuleni pia. Niliyoyajua niliyajua kwa kusoma peke yangu, ukurasa baada ya ukurasa, na kuandika tarehe pembeni. Leo sote wawili tumehamia ng'ambo. Mimi naishi Cedar Hill na kupanga mafaili ya wagonjwa hospitalini. Sekela yuko Houston, Sharpstown, anawahudumia wazee kwenye nyumba yao ya kulelewa. Mwaka 2019 niliiona kwenye mtandao tanzia ya Bi Olwen, iliyoandikwa kwenye gazeti la mji wake. Ubingwa wake wote ulikuwemo, na ile fainali ilipewa aya nzima. Aya ya mwisho ilisema kwamba aliwafundisha uaminifu uleule watoto wa Afrika. Nilisoma sentensi hiyo nikiwa nimesimama jikoni, na ugali ukaungua. Mkuki kwa nguruwe. Hiyo ndiyo methali niliyoitafuta miaka yote. Nikaichapisha tanzia.

Jumamosi iliyofuata Sekela alikuja Plano, kwani binti yake Neema alikuwa na mashindano ya vijana kwenye ukumbi mmoja huko. Nikamkuta kwenye benchi la wazazi.

"Nime-drive masaa manne, nawe unaniletea karatasi," akasema. "Mdogo wangu, hata harusini utakwenda na faili."

"Soma, dada."

Akasoma polepole, akifuata mistari kwa kidole. Alipofika mwisho alirudi juu akasoma tena ile fainali.

"Kweli kilimgusa, unadhani?" akauliza.

"Ukosi?"

"Mm. Maana mimi kile kilinigusa nywele kweli."

Uwanjani, kwenye mechi zile za watoto, hakukuwa na mwamuzi. Kila mchezaji huamua mistari ya upande wake. Neema alipiga kinyoya kikaangukia juu ya mstari, na msichana wa upande wa pili akasema kimetoka. Neema akatutazama. Kisha akarudi mahali pake kupokea, kimya, kama alivyolelewa. Dada akanikabidhi karatasi. Akasimama, akatembea hadi meza ya wasimamizi na kuanza kwa Kiswahili kabla hajakumbuka alipo, "Baba, njoo uone," kisha akamalizia kwa Kiingereza. Mzee mmoja wa Kihindi akavaa miwani, akamfuata. Hakuirudisha pointi, kwa kuwa hakukiona kinyoya kikianguka, na alisema hivyo. Alisimama tu kwenye kona ya uwanja, mikono nyuma, akitazama mstari, na hapakuwa na kinyoya kingine kilichosemwa kimetoka bila kutoka.

Neema alishindwa hata hivyo, ishirini na moja kwa kumi na nane, akaja akilalamika kwa Kiingereza kwamba mama yake amemwaibisha mbele ya watu. "Kunywa maji," dada akamwambia.

Nina tabia ya kutazama saa. Tangu Sekela aliposimama hadi yule mzee alipofika kwenye ile kona zilipita sekunde arobaini. Bi Olwen alikuwa na wiki mbili kabla ya timu kuondoka, na baada ya hapo miaka thelathini na mitatu hadi kifo chake.