Bi Haloo na Simu Isiyokatwa

Mtaani walimwita Bi Haloo, na jina lenyewe alilipata kwa jasho lake. Miaka thelathini na moja alikaa kwenye swichibodi ya hospitali kuu, akiwaunganishia watu simu, katika kichumba chini ya ngazi kilichotosha kiti, feni na mtu mmoja asiyependa kujinyoosha. Alipostaafu, kiti na feni aliviacha, lakini sauti alihama nayo. Ukimbishia hodi anakujibu kutoka jikoni, "Haloo, nikusaidie?" Watoto wa jirani walimwiga mpaka wakachoka wenyewe.

Katika kazi ile alikuwa na mambo mawili ya kujivunia. La kwanza ni masikio. Alikuwa anajua daktari gani amelewa kabla hajamaliza kusema jina lake, na nesi gani amegombana na mumewe. La pili lilikuwa sheria: opereta hakati simu. Anayekata ni aliyepiga, kwa sababu mtu hapigi hospitali kwa kuwa ana furaha.

Sheria hiyo hakuipata kitabuni. Mwaka wake wa kwanza kazini alipiga mzee mmoja kutoka kibanda cha simu, mwenye kigugumizi, akahangaika na jina la wodi hata lisitoke. Laini nyingine tano zilikuwa zinawaka. Bi Haloo, wakati huo msichana mwenye haraka zake, akakata. Kesho yake asubuhi mzee akafika mapokezi kwa miguu, viatu vimejaa vumbi, kumtafuta mkewe aliyekuwa amefariki alfajiri. Hakumlaumu mtu. Aliuliza tu kama simu za hapa huwa zinakatika zenyewe. Tangu siku hiyo Bi Haloo hakumkatia mtu simu tena, awe mlevi, awe kichaa, awe muuza bima.

Sasa twende kwenye Jumanne yenyewe. Ilikuwa saa tano asubuhi, naye yuko uani anafua mapazia, povu limemfika viwikoni. Simu ikalia juu ya ndoo iliyofunikwa. Akaifuta mikono kwenye kanga, akapokea.

"Haloo, nikusaidie?"

"Naongea na mama?" Sauti ya mwanamume, ya chini, yenye adabu zake zote.

"Ndiyo, baba."

"Mimi ni daktari, niko hapa chumba cha dharura. Mama, naomba utulie kwanza. Kuna binti ameletwa hapa, amekutaja wewe."

Mtu akikuambia utulie, ujue amekuja kukuvuruga. Bi Haloo akakaa juu ya beseni la nguo mbichi. "Kitinda mimba wangu?" akauliza. "Yule wa kiwanda cha maziwa?"

"Huyohuyo, mama. Wa kiwanda cha maziwa. Ameteleza, ameangukia mashine. Anavuja damu kwa ndani."

Angalia hapo. Yule bwana hakutaja jina, hakutaja umri, hakutaja hata kazi. Alirusha ndoano tupu, mama mwenyewe akaivisha chambo. Lakini ni rahisi kwetu kuyaona hayo tukiwa tumekaa na vikombe vyetu vya chai. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi huyu alikuwa amezika wawili kabla ya huyu.

Kisha akasikia kilio. Kilitoka nyuma ya sauti ya daktari, chembamba, cha msichana. "Mama, naumia. Mama." Ukasikika mfululizo wa kwikwi tatu, na pumzi ndefu ikivutwa ndani.

Mwanamke aliyekuwa akimtambua daktari mlevi kwa neno moja hakuuliza kama ile ilikuwa sauti ya mwanawe. Hofu ilikuwa imemziba masikio kama pamba. Mtoto anayelia ni mtoto anayelia, na kila mama huona ni wake.

"Nakuja," akasema. "Nakuja sasa hivi."

"Usije, utamkuta ameshakufa." Alisema hivyo, kwa sauti kavu. "Kuna kifaa cha kuzuia damu, hapa kimeisha. Muuzaji yuko tayari kukileta akipokea hela. Tuma sasa, dakika ishirini. Na sikiliza vizuri, mama. Usikate simu. Ukikata, mfumo unamfuta kwenye foleni ya upasuaji, inabidi tuanze upya. Na usimwambie mtu yeyote. Siku hizi kuna matapeli wanadandia shida za watu."

Mwizi anayekuonya juu ya wezi ni mwizi aliyehitimu. Na katika miaka thelathini na moja Bi Haloo hakuwahi kumuunganisha daktari mmoja anayempigia mzazi kudai hela ya kifaa. Hospitali ile daktari hakujua hata dirisha la malipo liko upande gani. Haya yote aliyajua kuliko sisi. Siku hiyo yalikuwa yamefungiwa kwenye chumba ambacho ufunguo wake ameupoteza. Alichosikia ni neno moja tu: usikate. Na neno hilo aliambiwa mtu ambaye maisha yake yote hajakata.

Akaingia ndani na simu sikioni. Kabatini, chini ya mashuka, kulikuwa na hela waliyochanga wanawe wote kwa ajili ya kubadilisha mabati ya nyumba. Akaitoa na kitambaa chake, bila kuihesabu. Akatoka na kanga iliyolowa, mguu mmoja ndala ya bluu, mwingine nyeupe, mlango nyuma yake wazi.

Fundi baiskeli wa kona akamwamkia, "Shikamoo, Bi Haloo." Akapita kama hakuna mtu. Fundi akabaki ameshika tairi, maana mwanamke huyu husimama kuitikia hata salamu ya mtoto anayetambaa. Sikioni sauti ilikuwa haimwachi. Umefika wapi, mama? Mbona unahema? Uko na nani? Kila akinyamaza kidogo, kile kilio kinarudi, naye anaongeza hatua. Alikuwa anaogopa mambo mengi kwa pamoja: mashine, damu, laini kukatika, chaji kuisha. Kwenye kioo cha simu betri ilikuwa imebaki nyekundu kidogo.

Wakala wa kutuma pesa alikuwa mwanamke wanayemwita Bi Chenji, kwa sababu hajawahi kuwa nayo. Kibanda chake kilikuwa na wavu mbele na tundu la kupitishia hela. Watu wawili waliokuwa kwenye foleni walimtazama Bi Haloo usoni, wakasogea pembeni bila kuombwa.

"Dada, kuna nini?" Bi Chenji akauliza.

Bi Haloo akaweka kidole mdomoni. Akasukuma kitambaa kizima kupitia tundu, kisha akaandika namba aliyotajiwa njiani kwenye kipande cha karatasi, tarakimu zimelala kila upande.

Bi Chenji akalitazama fundo la hela, akamtazama mwenye hela. Alikuwa na desturi moja ambayo wateja walikuwa wakiilalamikia kila siku: hatumi kitu mpaka aambiwe jina la anayepokea, alinganishe na litakalotokea kwenye kioo. Wengine walimwambia anachelewesha watu. Yeye aliwajibu kuwa hela ikishaenda huwa haina aibu, hairudi.

"Jina la anayepokea?" akauliza.

"Daktari," Bi Haloo akasema kwenye simu, "wanauliza jina la mwenye namba."

"Nimekwambia usiongee na mtu. Subiri." Halafu bwana yule akafunika simu kwa kiganja.

Kosa lake ndilo hilo. Mtu wa kawaida angesikia mvumo tu. Lakini Bi Haloo maisha yake yote watu wamekuwa wakifunika simu kwa viganja: madaktari wakitukanana, wauguzi wakicheka, wakubwa wakisema "mwambie sipo". Kiganja hakizuii sauti. Huifanya nzito tu, na sauti nzito ndizo alizokuwa akilipwa kuzisikia. Masikio yakamfunguka yenyewe, bila kuyaomba, kama mtu anayeamka kwa mazoea.

Akasikia chumba. Si cha hospitali. Hakukuwa na magurudumu ya kitanda, wala jina linaloitwa, wala mtoto anayekohoa. Akasikia mwanamume mwingine, karibu, akisema taratibu: "Usikate simu, mama. Ukikata, mfumo unamfuta kwenye foleni ya upasuaji." Neno kwa neno. Mwanamke akamjibu kwenye spika ya simu nyingine. Kisha msichana akasafisha koo, kama mtu anayetaka kusoma tangazo, na kilio kikaanza. "Mama, naumia. Mama." Kwikwi tatu, pumzi ndefu. Kikakoma ghafla. Na msichana yuleyule, kwa sauti kavu ya kawaida, akauliza soda iliyobaki ni ya nani.

Ungedhani hapo Bi Haloo angefurahi, lakini hofu haiondoki kwa sababu umepata sababu ya kuifukuza. Huenda amesikia vibaya. Huenda ni wodi yenye akina mama wengi, wote wanaambiwa maneno yaleyale. Na kama ni kweli, je? Kama kitinda mimba wake yuko mezani sasa hivi, na mama yake ndiye anayekata? Yule mzee mwenye vumbi viatuni alisimama mbele yake, pale pale penye wavu, akiuliza kwa upole kama simu za hapa huwa zinakatika zenyewe.

Kiganja kikaondoka. "Mama, andika jina lolote. Dakika zimeisha. Ukikata, damu yake iko mikononi mwako. Umenielewa?"

Akaweka kidole gumba juu ya kile kitufe chekundu. Alifunga macho, kama anayemeza dawa chungu, akakata.

Kisha akaishika ile simu kwa mikono miwili na kuitazama kana kwamba amemnyonga mtu. Papo hapo ikalia. Ikalia tena. Mara ya tatu ikafuatana na ujumbe: AMEFARIKI. UMEMUUA WEWE. Bi Haloo akatoa sauti ambayo haikuwa neno, akajishikilia kwenye wavu.

Bi Chenji alishafungua mlango wa pembeni. Akamwondolea simu mkononi, akaizima, akampa yake. "Binti yako yuko wapi saa hizi?"

"Kiwandani. Simu wanaziacha kwenye makabati mpaka saa saba."

"Kiwanda hakina simu?"

Kilikuwa nayo. Namba ya getini ilikuwa kichwani mwake, kama zilivyokuwemo namba za nusu ya mji, lakini ilibidi aibonyeze mara mbili. Ikaita kwa muda mrefu.

"Geti," mlinzi akajibu.

Bi Haloo akataja jina la mwanawe na kitengo chake, kitengo cha chupa. Akauliza kama kuna mtu ameumia leo.

"Mimi nimeingia saa nne, mama. Subiri niulize." Na mlinzi akalaza simu mezani.

Dakika zile sitaki kuzirefusha, lakini zilikuwa ndefu zenyewe. Alisikia kiti kikisukumwa. Akasikia gari likipiga honi na geti likiburutwa. Mtu akapita akicheka. Alitafuta katika kila sauti kitu cha kumwambia kama kiwanda hiki leo kimemwangusha mtu, na sauti zote zilikuwa za siku ya kawaida, jambo ambalo halikumtuliza hata kidogo. Siku anayokufa mtoto wako, magari ya wengine hupiga honi vilevile. Bi Chenji alimshika bega. Wale wawili wa foleni hawakuondoka.

Kisha nyayo. Viatu vya mpira kwenye sakafu ya saruji, mtu anakimbia. Simu ikainuliwa.

"Mama?" Sauti ilikuwa inahema, imejaa woga. "Mama, kuna nini? Nani kafa?"

Bi Haloo alitaka kujibu kwamba hakuna, hajafa mtu, rudi kazini mwanangu. Midomo ilifunguka, kikatoka kilio peke yake. Na binti, aliyekuwa ameitwa mbio kutoka kwenye chupa zake na sasa anamsikia mama yake analia, akaanza kulia pia, akitaja ndugu zake mmoja mmoja, ni kaka, ni dada, mama niambie, ni nani. Bi Chenji akaichukua simu.

"Binti, hajafa mtu. Wote wazima. Mama yako anasikiliza unavyopumua, basi. Pumua tu, mwache asikilize." Akairudisha sikioni kwa Bi Haloo na kuishikilia hapo mwenyewe.

Baadaye walimkalisha kwenye kiti cha plastiki ndani ya kibanda, wakampa maji. Kitambaa cha hela kilikuwa kimerudi mapajani, fundo lake halijafunguliwa. Bi Chenji alikuwa na furaha ya mtu aliyeokoa, anawasimulia wale wawili wa foleni, naye akageuka kusema, "Shukuru Mungu, dada. Limepita."

Bi Haloo alitikisa kichwa.

"Halijapita," akasema. "Yule mama mwingine, aliyekuwa kwenye ile simu ya pembeni. Nilimsikia akisema, 'Natuma, baba, natuma.' Na sina namba yake."