Siku Saba Jikoni kwa Bi Zuhura

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka mpaka na harufu yake ya supu. Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa kijana wa Kisukuma niliyeishia darasa la nne, mwepesi wa kucheka, mwenye ndoto nyingi kuliko nguo. Nilisimama pale Ushirombo chini ya ubao wa kijani ulioandikwa HOTELI YA BI ZUHURA, nikampa rafiki yangu Luhende ufunguo. Yeye akacheka, mimi nikacheka. Hatukujua kwamba tunachezea kitu cha mtu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana wewe Bi Zuhura hukumwona. Alikuwa mama wa mjini Shinyanga, Mwislamu, babu yake alikuja na biashara kutoka pwani akalowea huku. Wali wake na nyama yake vilisifika hata madereva wa malori walikuwa tayari kuvumilia njaa njia nzima ili wakale kwake. Alipoona hivyo akaruhusu watu wawili wafungue hoteli kwa jina lake: mjane mmoja aitwaye Mama Doto, karibu na Mwadui, na mimi Ushirombo. Alitufundisha kupika, akatupa kila mmoja ubao wa kijani, karani akaandika hati, tukatia dole gumba.

Katika hati ile kulikuwa na neno moja alilolirudia mara tatu kwa mdomo. Ukichoka, ukitaka kumwachia mtu mwingine hoteli, umlete kwanza kwangu. Apike siku saba jikoni mwangu nikimtazama. Nikimkubali, mpe. Nisipomkubali, ubao unarudi nyumbani. Nami niliitikia, "Ndiyo, bibi," kama mtu anavyoitikia Amina huku mawazo yake yako kwenye ugali.

Basi ikaja habari ya dhahabu. Wachimbaji waliopita kwangu wakielekea Geita walikula huku wakisimulia, na mimi nilikuwa nawaongezea mchuzi ili wasimulie zaidi. Siku waliponiambia lori linaondoka kesho na nafasi ipo, niliona siku saba za Bi Zuhura ni ndefu kama kiangazi. Na nikwambie ukweli, niliogopa pia asije akamkataa Luhende. Nikajidanganya: sufuria nimenunua mimi, meza nimechonga mimi, hoteli ni yangu. Luhende akanipa ndama wawili, nikawapeleka kwa mama yangu, nikapanda lori. Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu, lakini wahenga hawakuwamo kwenye lori lile.

Geita niliambulia tope. Nilikuwa bado nalichimba hilo tope aliponikuta Mzee Salum, dereva aliyekuwa akila kwangu kila safari. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Ndipo akanieleza.

Ng'ombe mmoja alikuwa akiswagwa kwenda mnadani, akaanguka korongoni, akafa kabla hajafikiwa na kisu. Luhende akanunua nyama. Mwanangu, kwetu vijijini wakati ule ng'ombe aliyekufa kwa kuanguka hatupwi. Watu walikoka moto na kumshukuru Mungu. Luhende hakuona kosa, na wala hakuficha. Siku ya pili aliwatangazia wateja kwa furaha kwamba leo nyama tele, kuleni, huyu ng'ombe kafa mwenyewe. Madereva wakaweka vijiko chini. Wengi wao walikuwa Waislamu, na jana yake walikuwa wamekula kibudu bila kujua, kwa kuamini ubao wa kijani. Mimi nilikuwa nikinunua kwa mchinjaji mmoja tu, kama nilivyoelekezwa. Luhende hakuwahi kuambiwa.

Nilirudi Shinyanga. Bi Zuhura hakupaza sauti. Alinikaribisha chai, akangoja niimalize, kisha akasema:

"Masanja, Luhende sina kesi naye. Siku saba zile zilikuwa za kumfundisha, hazikuwa za kumnyima. Sufuria ni zako, meza ni zako. Lakini dereva hasimamishi lori kwa ajili ya sufuria. Anasimama kwa sababu anamwamini mtu, na mtu huyo ni mimi."

Nikaanza kuomba radhi. Akanikatiza. "Usiniombe mimi kwanza. Nenda Mwadui ukamsalimie Mama Doto."

Nilifika kwa Mama Doto adhuhuri, saa ambayo zamani ulikula umesimama kwa kukosa pa kukaa. Mabenchi matupu. Yeye amekaa nyuma ya sufuria iliyojaa, mikono mapajani, anafukuza nzi. Maisha yake yote hajanunua nyama isiyochinjwa, lakini samaki mmoja akioza wote wameoza. Ubao wake ulikuwa na jina lile lile. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea. Yeye alipakua sahani, akaniwekea mbele.

"Kula, baba. Kitachacha."

Nilikula nikilia, na wali ule ulikuwa mtamu, hilo ndilo lililoniumiza. Hapakuwa na kasoro yoyote.

Nilikwenda Ushirombo nikamchukua Luhende, tukasimama wote wawili jikoni kwa Bi Zuhura. Siku ya kwanza alitupeleka kwa mchinjaji tukasikilize Bismillahi kwa masikio yetu. Siku ya saba alionja mchuzi wa Luhende, akaitikia kwa kichwa, akampa ubao. Mimi nikanyoosha mkono. Akasema, "Wewe bado. Anza tena kesho."

Jikoni kote walicheka, na mimi nikacheka, lakini nilianza tena. Baadaye alinituma kwa Mama Doto, nikabaki huko kumsaidia, mpaka adhuhuri moja Mzee Salum aliposimamisha lori, akauliza nani kachinja, akajibiwa, akakaa.

Sasa, mwanangu, Bi Zuhura ametangulia mbele ya haki, jina lake na ubao wa kijani aliniachia mimi, na wewe niliyekuazima jina hilo umeniletea karatasi nitie sahihi ili umwachie shemeji yako hoteli, maana basi lako la Geita ni kesho. Niliona ulivyonuna nilipoisukuma kando. Umesema shemeji ni mtu mwema. Luhende naye alikuwa mwema. Wema hauonyeshi nyama inanunuliwa wapi.

Nasaha yangu ni hii. Ulichokijenga kwa mikono yako, mpe umtakaye. Lakini jina uliloazimwa usilipitishe mkononi mwa mtu mwingine mpaka mwenyewe amwone na kuridhika, hata kama lori linanguruma nje. Chini ya jina hilo wamo wengine ambao huwaoni, na sahani zao zitabaki mezani kwa kosa lako. Na wewe ukiwa mwenye jina, usikatae kwa kiburi. Mkaribishe mtu jikoni, umfundishe.

Mlete shemeji yako Jumatatu, aje na njaa. Nawe Mungu akufungulie njia ya Geita, akurudishe salama, na siku moja akupe jina lako mwenyewe, ambalo mgeni atalisoma mlangoni, atanawa mikono, na kula bila kuuliza.