Jina Lililoandikwa Mara Mbili

Miaka ile redio ilikuwa na watu wawili wenye jina moja. Mmoja alikuwa golikipa wa timu kubwa ya Dar es Salaam, mwingine alipiga gitaa katika bendi ya dansi. Jumamosi alasiri jina lilitajwa kwenye mpira, jioni likatajwa tena kwenye muziki, na pale dukani Kasulu watu wakabishana mpaka mate yakawakauka. Dereva mmoja wa lori la tumbaku aliapa kwamba ni mtu yule yule: akimaliza kudaka mipira anaoga, anavaa suruali yake ya bugaluu, anachukua gitaa. Mwenye duka, mzee wa Kiislamu aliyehamia kutoka Ujiji, alimcheka. Alisema hao ni wajina tu, na kwamba kwao wajina huheshimiana kama ndugu, hawanyimani hata chumvi.

Mimi nilikuwa nimekuja kununua sabuni. Nilikuwa msichana wa kidato cha pili, nimevaa sare, na mzee akanigeukia kwa ukarimu wake akaniuliza kama na mimi ninaye wajina. Nikasema sina. Nikatoka bila sabuni, na wiki ile nilifua kwa majani ya mpapai.

Sikuwa na ugomvi na golikipa wala na mpiga gitaa. Wao walizaliwa kila mtu kwao, wazazi wakachagua, ikatokea wakachagua sawa. Mimi jina nililokuwa nikiitikia lilikuwa na mwenyewe, mwenyewe alikuwa hai, na nilijua hata kisima alichokuwa akichota maji.

Nieleze ilivyokuwa. Nilimaliza darasa la saba kwetu, upande wa Busunzu, nikashindwa. Siku hizo kushindwa darasa la saba kulikuwa kufunga mlango na ufunguo kutupwa mtoni. Kurudia darasa kulikatazwa, lakini kila mtu alijua jinsi ya kurudia: unakwenda shule ya mbali, unaingia kwa jina la mtoto aliyeacha. Mjomba wangu alikuwa mwalimu Kumsenga. Katika daftari lake la mahudhurio palikuwa na msichana aliyeolewa katikati ya mwaka, na jina lake mjomba hakulifuta. Alikwenda kwa baba wa yule msichana na mtungi wa pombe ya ndizi, wakanywa, wakaelewana, akarudi na cheti cha ubatizo cha binti. Ulikuwa mwaka ule wakimbizi wa Burundi walipofika kwa wingi. Wakaguzi wa shule walikuwa na mambo mengine, hawakuwa na nafasi ya kuja kutazama nyuso za watoto Kumsenga.

Wasioijua Buha, nchi yetu Waha, watasema, jina ni jina tu. Kwetu mtoto hapewi jina hivi hivi. Jina husema hali iliyokuwapo nyumbani siku alipozaliwa: njaa, ugomvi wa majirani, shukrani kwa Mungu. La yule msichana lilisema mama yake alikuwa amezika watoto wawili kabla yake. Langu, nililoliacha Busunzu, lilisema mama alikuwa amepata wavulana wanne na alikuwa akiomba msichana wa kumsaidia. Kwa hiyo kila asubuhi mwalimu alipoita daftari nami nikajibu, "Nipo," niliitikia msiba wa watu wengine.

Mwenye jina nilimfahamu vizuri. Ndoa yake ilikuwa ng'ambo tu ya kijito, hatua chache kutoka nyumbani kwa mjomba, na tulikutana kisimani karibu kila siku. Tulikuwa na umri sawa, miaka kumi na sita hivi; wengi wetu tulianza shule tukiwa tumeshakua. Hakuwa na kinyongo. Ndiye aliyenifundisha majina ya mashangazi zake na siku aliyobatizwa, nisije nikakamatwa. Aliniita kwa jina langu tukiwa wawili, na kwa jina lake watu wakiwapo, halafu anacheka mpaka anashika mbavu. Kitu alichokuwa nacho ni miguu. Alibeba ndoo mpaka mlangoni kwa mama mkwe wake, akaitua, akarudi mbio kuchukua ya pili, na vijana waliochunga mbuzi waliacha kuchunga wakamtazama.

Nilifaulu. Nikachaguliwa kwenda sekondari ya bweni Kasulu, na hapo ndipo nilipojua kwamba mlango niliouingia ulifunguka upande mmoja tu. Nilidhani nitakuwa na jina lile mwaka mmoja, kama koti la kuazima. Lakini cheti kilikuwa nalo. Kitambulisho kilikuwa nalo. Ningelikana, ningerudi Busunzu kesho yake, na mjomba angepoteza kazi, pengine angefungwa. Nikawa makini mno. Nilipoitwa nyuma yangu nilichelewa kugeuka, wenzangu wakasema ninaringa. Likizo nikienda nyumbani, mama aliniita kwa jina langu na siku mbili tatu za kwanza sikuitika upesi, naye akasema shule imenitia uziwi. Nilikuwa ninachoka. Hata usingizini niliogopa kuitika vibaya.

Kitu kimoja kilinisahaulisha, nacho ni ngonjera. Zama zile kila shule ilikuwa na ngonjera, na mimi nilikuwa na sauti. Nilicheza mkulima mwerevu dhidi ya mvivu, nilicheza kijiji kipya dhidi ya maisha ya kutawanyika, na nikiwa jukwaani hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Kidato cha tatu shule yetu ilichaguliwa kwenda mashindano ya mkoa mjini Kigoma. Nilifurahi kama mjinga.

Mwezi ule ule nikapata barua kutoka Kumsenga, imeandikwa kwa penseli. Mwenzangu, yule mwenye jina, alisema kijiji chao kipya kilifanya mbio siku ya Saba Saba, akaingia pekupeku, mtoto kamwachia jirani, akawashinda wote katika mita mia nane. Bwana Utamaduni wa wilaya, ambaye ndiye aliyeshika michezo na sanaa vyote viwili, alimwandika jina aende Kigoma. Wakimbiaji wazuri wangechukuliwa Dar es Salaam, kwenye timu za kazini, wapewe kazi na mahali pa kulala. Mama mkwe amekataa, lakini mwenyekiti wa kijiji ameamuru. Tangu aolewe, aliandika, hajawahi kuvuka kijito kwa jambo lake mwenyewe. Aliniomba nimwombee.

Barua sikuijibu. Niliisoma mara tatu na nilichoona ni kitu kimoja tu: jina. Lake litakwenda Kigoma kwenye riadha, na hilo hilo litakwenda Kigoma kwenye ngonjera, na baba mmoja, na kijiji kimoja, na mwaka mmoja wa kuzaliwa. Nilitamani augue. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Haikupita wiki mbili nikaitwa ofisini. Mkuu wa shule, mama mmoja kutoka Bukoba asiyependa maneno mengi, alikuwa mezani. Pembeni yake alikaa Bwana Utamaduni na orodha iliyopigwa chapa. Kwenye benchi, ukutani, alikaa mwenzangu, amejifunga kitenge, mtoto mgongoni, miguu ina vumbi la lori. Walikuwa wamemleta kutoka wilayani kwetu, Kibondo, alfajiri ile.

Bwana Utamaduni alikuwa mtu wa pwani, mpole. Alieleza kwamba mkoani waliona jina mara mbili wakadhani mpiga chapa amekosea, wakafuta moja. Baadaye akaambiwa hapana, ni watu wawili. Akadhani basi ni wajina, kama wale wa kwenye redio. Lakini karani wake, Mha wa hapa hapa, akamwambia wajina wa namna hiyo Buha hawapo, labda mama mmoja awe amezika wale wale wawili mara mbili. Ndipo akaona aje mwenyewe.

"Mimi sina ugomvi na mtu," alisema. "Ila mmoja wenu analo jina, na mwingine amelitwaa. Asiye na jina hasafiri."

Mkuu wa shule aliweka vyeti vyangu mezani, kimoja kimoja. Cha ubatizo, cha darasa la saba. Akamuuliza mwenzangu ana nini. Mwenzangu akasema hana karatasi. Ni kweli hakuwa nazo, kwa sababu zilikuwa pale mezani. Kisha mkuu wa shule akanitazama mimi, na mpaka leo naamini alikwisha kujua, akaniuliza kama ninamfahamu mwanamke yule.

Nilimtazama. Mtoto alikuwa akinyonya kidole. Niliwaza mjomba na wanawe sita. Hilo ndilo ninalowaambia watu, nikiwaambia. Ukweli ni kwamba niliwaza bweni, kitanda changu karibu na dirisha, na sauti yangu Kigoma.

"Simfahamu," nikasema.

Mwenzangu hakushtuka. Nilitegemea apige kelele, aseme jina la kisima, la mashangazi, la mjomba. Maneno matatu tu yangetosha kunimaliza. Alimweka mtoto vizuri mgongoni, akamgeukia Bwana Utamaduni na kuongea Kiswahili chake cha kwetu, cha taratibu.

"Bwana mkubwa, huyu asema kweli. Jina ni lake. Miye nimelitwaa, nimefikiri mutanikataa kwa kuwa sina shule."

Bwana Utamaduni alipumua. Nadhani alifurahi kwamba jambo limekuwa jepesi. Akamwambia kukimbia hakuhitaji shule, kunahitaji miguu, na miguu ameiona. Kosa lake amekwisha kulikiri. Akachukua kalamu, akafuta, akamuuliza basi jina lake la kweli ni lipi, la baba yake ni lipi, na kijiji.

Akataja jina langu. Akalitaja lote, la kwetu na la ubatizo, akataja jina la baba yangu, akataja kijiji changu upande wa Busunzu. Alilitaja vizuri kuliko nilivyokuwa nikilitaja mimi miaka yote ile. Alipotaja alinitazama mimi, si yule mwenye kalamu, na sikuona hasira machoni mwake wala msamaha. Nilifungua mdomo. Mkuu wa shule akaniuliza kama nina la kusema. Nikasema sina.

Kigoma tulikwenda katika malori mawili tofauti. Siku ya riadha shule yetu ilikaa kwenye nyasi, kipaza sauti kikaita wakimbiaji wa mita mia nane, na kiliposoma jina langu nilisimama. Nilisimama kabisa, wenzangu wakaniuliza ninakwenda wapi. Nikasema mguu umekufa ganzi. Alikimbia katika mstari wa nje, ameazimwa viatu akavivua, akawa wa pili, na aliyemshinda alikuwa askari magereza. Jioni yake tukasoma ngonjera yetu, jina lake likatangazwa, na nilimwona katikati ya watu akiinua kichwa. Hatukuzungumza. Nilikuwa na hasira naye, hasira ya kweli, kana kwamba ni yeye aliyeniibia. Nimejaribu maisha yangu yote kuelewa hasira ile ilitoka wapi, na jibu ninalopata si zuri.

Alichukuliwa Dar es Salaam. Mtoto alibaki kwa mama yake mzazi, yule aliyezika wawili. Redio ilisoma washindi wa mkoa wetu, na Busunzu nzima ikasikia kwamba binti wa baba yangu ni mkimbiaji. Watu walikuja nyumbani kumpongeza. Baba alikuwa mtu wa kanisa, asiyejua kusema uongo, akawa anajibu tu kwamba Mungu ni mwema. Mwaka uliofuata jina langu lilisomwa tena, na tena, likipokea medali hapa na pale, na kila lilipozidi kujulikana ndivyo mimi nilivyozidi kufungiwa nje yake. Zamani nilikuwa nikijidanganya: nikimaliza shule, nikipata kazi, nitakwenda mahakamani, nitaapa, nitalirudisha la watu na kuchukua langu. Sasa langu lilikuwa na mtu. Ningelidai, ningemrudisha yule mwenzangu kwa mama mkwe wake.

Likizo ya Desemba nilikwenda nyumbani. Mama alikuwa akipepeta maharage uani. Aliniona tangu mbali, akaniita, kama alivyokuwa akiniita tangu nilipojua kutembea. Jirani alikuwa amekaa naye, na jirani akacheka akasema, kumbe mkimbiaji amerudi, mbona redio imesema yuko Dar es Salaam. Jirani alipoondoka nilikaa kwenye kinu kilicholala, nikamwambia asiniite tena hivyo, watu watajua kwamba mkimbiaji ni mwingine.

Aliendelea kupepeta. Baadaye akauliza, "Basi nikuite nani?"

Nikamtajia jina la yule mwenzangu. Alijaribu kulisema. Nusu ya kwanza ilitoka, ya pili ikakataa, maana mama hakuwa amezika mtoto yeyote, na aliogopa kulitamka jina la namna ile juu ya mtoto wake mzima. Aliweka ungo chini, akafuta mikono.

Aliishi miaka mingine ishirini na miwili. Muda wote huo aliniita "wewe".