Taulo Niliyoiacha Begani

Amekufa Jumanne, hapa Baraka, yule askari mpiga ngumi wa uzito wa juu ambaye ninyi wasomaji wangu mlimshangilia uwanjani siku za Jumapili baada ya misa. Wanasema ni malaria. Waseme. Mimi nilikuwa askari pamoja naye, na kila alipopigana nilikaa kwenye kona yake nikimmwagia maji na kumpangusa. Najua kilichomuua kilianza miaka minane kabla ya hiyo malaria.

Alikuwa mzito hata tukampimia kwenye mizani ya wanunuzi wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, na mama mmoja wa pale ufukweni akauliza, "Huyu munamuuzisha kwa kilo, ao muzima muzima?" Akacheka kuliko sisi wote. Lakini shida ya uzito ule ni kwamba mtu hapati wa kupigana naye. Katika eneo zima la Fizi, askari wa uzito wake alikuwa mmoja tu, wa kambi ya Lulimba. Kwa hiyo kila mara wakubwa walipotaka kujifurahisha, waliitwa walewale wawili. Husemwa tembo wakipigana ziumiazo ni nyasi. Kwetu nyasi zilikaa kwenye viti vya plastiki zikapiga makofi, tembo wakaumia. Mara ya sita mtu wetu alianguka, akalala pale muda mrefu, sikio likitoa damu. Ngumi za ridhaa zina sheria yake: aliyeanguka hivyo apumzike wiki nyingi. Komanda wetu alitaka kulipiza baada ya siku nane. Muganga wa kambi alimwonyesha mtu wetu vidole vitatu, akajibu "tatu," karatasi ya kumruhusu apigane ikatiwa sahihi.

Asubuhi ya pambano la saba komanda alikuja tulipokuwa tunafunga kamba za ulingo. "Ukishinda, unabaki Baraka na bibi yako," alimwambia. "Ukianguka, kesho unapanda Bibokoboko." Siku zile waliopanda mlimani kupigana vita walikuwa wanashuka wamebebwa, na bibi yake alikuwa na mimba. Kisha akageukia kwangu. Mnajua taulo ya kona: ukiitupa ulingoni, mchezo unasimama. "Na we, hiyo iko ya kupangusa jasho," akasema. "Ukiitupa, munapanda wote mbili."

Baada ya raundi ya pili alikaa kwenye kigoda, macho yake yakanipita kana kwamba mimi ni mpita njia tu. Nikamuuliza, kama nilivyozoea kumwita kaka mkubwa, "Kulutu, tuko wapi hapa?" Akajibu taratibu, "Kwa mama, Ubwari." Basi nilijua. Taulo ilikuwa begani mwangu. Nikamtazama komanda, nikakuta hatazami ulingo, ananitazama mimi. Kengele ikalia. Nikamshika kwapani, nikamsimamisha, nikamwacha aende.

Hakuanguka. Waamuzi walimpa ushindi, nao pia walikuwa wanamwogopa komanda. Akabaki Baraka kama alivyoahidiwa, ila njia ya nyumbani ikampotea. Miaka yote hiyo bibi yake alitundika kitenge chekundu mlangoni ili aitambue nyumba yake, na mtoto wao alizoea kuulizwa na baba, "We mutoto wa nani?"

Kwenye kilio alikuja yule mpinzani wa Lulimba, amechoka na safari, akakaa karibu yangu bila kunisalimu. Akasema, "Raundi ya tatu nilimukumbatia. Nikamuambia, ndugu yangu, lala tu chini, sitakupiga. Akaniambia, siwezi, bibi iko na mimba." Akakubali kikombe cha chai kutoka kwa mama mmoja, akakiweka chini bila kunywa. "Nilikuwa napiga polepole nikiangalia mukono yako. Nikasema sasa atatupa. Sasa atatupa. Ulikuwa unangoja nini, kaka?"

Ninyi ndio nawajibu. Waliomuua ni komanda, ambaye amepandishwa cheo, na yule muganga wa vidole vitatu, ambaye bado anatia sahihi. Majina siandiki, Baraka yote inayajua. Wa tatu ni mimi. Kila mwenye kazi hapa kwetu, awe mwalimu, karani au askari wa barabarani, ameshikishwa taulo na kuambiwa ni ya jasho tu. Ukingoja mkubwa atazame pembeni ndipo uitupe, utangoja hadi kwenye kilio. Mimi mlimani sikupanda. Niko hapa, mzima, ninaandika.