Maharage Yaliyogoma Kufa

Faudhia wa Kagerankanda alikuwa mbishi tangu utotoni. Ukimwambia haiwezekani, ndio umemtuma. Mwaka ule jua lilipochoma maharage ya mlimani, yeye alikwea huko kuchuma yale machache yaliyogoma kufa. Yalikuwa madogo, yamesinyaa, ukiyatazama unayaonea huruma.

"Hiyo ndiyo mbegu yangu," alisema.

Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Tangu lini mtu akapanda makapi? Mbegu ni zile nono za bondeni, zilizokunywa maji zikashiba! Jordan, bwana shamba, hakucheka. Alimweleza kwamba mmea ukiteswa na kiu, asili yake haibadiliki, ila namna ya kuitumia hubadilika, na mara nyingine mbegu zake huzaliwa zimekwisha kujifunza kuvumilia.

"Mara nyingine, dada Faudhia. Sikuahidi."

"Kwani nani kakuomba ahadi?"

Msimu wa kupanda ulipofika, Faudhia akaenda Kasulu mjini kununua jembe. Huku nyuma wakaja wageni. Mama mkwe wake, Bi Kuruthumu, mkarimu kupita kiasi, akafanya kama alivyofundwa kwao: nono akaziacha za kupanda, zilizosinyaa akazibandika jikoni. Faudhia alirudi akakuta wageni wanalamba vidole. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Siku hiyo mwenyeji nusura azimie.

"Mama, umepika mbegu yangu!"

"Mbegu ipi tena, mwanangu? Nono zote zipo. Nimezichambua vizuri."

Faudhia akaenda nyuma ya nyumba akalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Kisha akapangusa macho, akapekua ungo na sakafu, akaokota zilizoponyoka. Konzi moja tu. Akaipanda mlimani, penye udongo mbaya kabisa, na nono za bondeni kando yake.

Mvua ikanyesha, ikakata. Nono zikalala chini mapema. Za Faudhia nazo ziliumia, wallahi, nyingine zikafa. Lakini zilizobaki zilizaa. Alipozipukuchua alipata bakuli, wala halikujaa. Nyumbani mboga ilikuwa imekwisha, na watoto walilikodolea macho bakuli lile.

Faudhia alikuwa bado anatafuta maneno ya kuwaambia, Bi Kuruthumu akamtangulia. Alilichukua bakuli, akachanganya maharage na majivu yasiliwe na wadudu, akalifunika.

"Leo ni ugali na chumvi," akawaambia wajukuu. "Atakayegusa mbegu hii, atanitambua!"