Sahani ya Marehemu

Mimi, Ummukulthum, sijui kufunga mdomo, na mtaa mzima hapa Mji wa Kale unajua. Bi Mahfudha ni jirani yangu miaka ishirini na sita, ukuta wake ndio ukuta wangu, na nampenda. Lakini nilimgombeza mpaka nikachoka mwenyewe.

Mumewe, marehemu Kamaludin, alikuwa fundi wa kuchonga milango. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini aliwawekea ndege sahani ya wali wa jana juu ya ukuta wa ua. Alipofariki, Bi Mahfudha akaendelea, ati thawabu zimfikie kaburini. Saa moja unusu, hakosi. Zamani walikuja shomoro na minana. Siku hizi ni wale kunguru wa Kihindi, shingo za kijivu, wezi wasio na haya, wamekula mayai na vitoto vya wenzao hata tumebaki kusikia sauti za hao kunguru tu. Nikimwambia, "Shoga, unalisha majambazi," hunijibu, "Nikianza kuchagua wa kula, hiyo si sadaka tena, Ummu."

Basi mwaka huu ndege chozi wawili wakajenga kiota kwenye mkomamanga wa uani kwake. Ndege mdogo huyo, kama kidole gumba. Tulikuwa hatujamwona miaka. Vikatoka vitoto viwili, na Bi Mahfudha akawa kazi hafanyi, ni kukaa mlangoni na tasbihi yake, akitazama vile vidomo vinavyofunguka. Siku moja nilimkuta anacheka peke yake. Tangu mazishi sikuwa nimemwona akicheka.

"Sasa kata hiyo sahani," nikamwambia. "Wewe mwenyewe ndiye unayewaita kunguru."

"Nimkatie marehemu chake?" Akalia. Nilimshikilia siku mbili mpaka akakubali.

Jumatatu hakuweka. Jumanne hakuweka. Kunguru walikuja saa ile ile, wakapiga kelele ukutani, wakaondoka. Nikajiona nina akili.

Jumatano walikuja tena, saba, wakakuta ukuta mtupu. Mmoja akageuza shingo, akatazama mkomamanga. Bi Mahfudha aliinuka na ufagio, na mkono wenyewe una baridi yabisi, haupandi juu ya bega. Mimi nikarusha kandambili, ikagonga ukuta. Walikichana kile kiota kama wanaofungua bahasha. Mama chozi aliwarukia mpaka usoni, na hawakumtazama hata.

Bi Mahfudha alikuwa chini, anaokota vinyuzi vya kiota na kuvitia ncha ya leso.

"Ummu," akasema, "vitoto sikuviokoa, na marehemu nimemnyima siku tatu."

Alhamisi, saa moja unusu, nilisikia sahani ikiwekwa ukutani. Kunguru walikuwa wameshafika, wanangoja. Sikumwambia kitu.